Nyuma ya Bega la Mwimbaji Wao

Kinyozi wangu hapa mtaa wa Kaloleni, Kisumu, ndiye aliyeniambia, wembe wake ukiwa shingoni mwangu, kwamba bendi yetu haikuwa kitu. Hakujua anamwambia nani. Wateja wawili kwenye benchi walikuwa wakibishana kuhusu bendi za zamani za Kisumu, ipi ilipendwa zaidi na ipi ilikuwa kali jukwaani, na mmoja wao, mzee mwenye fimbo, alikuwa ameitaja yetu. Kinyozi akacheka.

"Hiyo ilikuwa ya kusindikiza tu, Mzee. Itafute kwenye simu uone kama iko."

Akaupangusa wembe kwa kitambaa, akaitafuta mwenyewe, akatuonyesha simu. Zilikuwepo nyimbo zetu mbili, zote zina mikwaruzo, na picha iliyowekwa juu yake ilikuwa ya bendi nyingine, wapinzani wetu wa siku zote.

Mzee mwenye fimbo akasema, "Nyinyi mlikuwa hamjazaliwa." Mimi nilikuwa na maneno ya miaka mingi kooni, lakini wembe ulikuwa umerudi papo hapo.

Nilipiga besi katika bendi hiyo tangu ndevu zangu za kwanza hadi tulipomzika mwimbaji wetu, miaka mingi iliyopita. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa kuswali sala tano, na alipojua kwamba mwanawe anaimba Kijaluo kwenye mabaa akiwa na gitaa begani, alikaa mwaka mzima bila kuniita kwa jina. Nililipa bei hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia nilikuwa wa kusindikiza, neno hilo linaniingia ndani kuliko anavyodhani.

Ukweli ni kwamba tulikuwa bendi mbili, na kila mtu wa rika letu kandokando ya ziwa alikuwa na upande wake. Wao walikuwa na santuri na sisi tulikuwa na watu. Mwimbaji wao alizaliwa na sauti iliyoenea ndani ya santuri kana kwamba ilipimwa kwa futi. Aliingia studio asubuhi, akatoka kabla ya chakula cha mchana, na wiki chache baadaye alikuwa anasikika kwenye kila redio kuanzia Usenge hadi Muhoroni. Wimbo wao mmoja ulivuka hata mipaka. Ni wimbo wa mwanamume aliyeachwa na mkewe, anasimama gatini na kuwauliza watu kama wamemwona. Ubeti wa kwanza anamwuliza abiria wa kwanza kushuka kwenye feri. Wa pili anamwuliza mama muuza samaki. Wa tatu nahodha. Wa nne anamwuliza mama mkwe, na huyo ndiye anayemjibu, na jibu lake ndilo lililowaliza watu.

Sisi studio ilitushinda. Mpiga solo wetu alikuwa mtu wa kuchemka polepole. Fundi wa mitambo aliinua mkono dakika ya tatu kutuambia tumalize, wakati nyimbo zetu zilikuwa zinaanza kuiva dakika ya kumi. Lakini tuweke mbele ya watu! Mwimbaji wao jukwaani alisimama kama mtu aliye kwenye foleni ya posta. Sisi tulicheza na watu, tukawangoja, tukawasukuma, tukawaachia. Nimewahi kuona mama mwenye karai la omena kichwani akicheza hadi wimbo ukaisha bila samaki hata mmoja kudondoka.

Siku niliyoishika maishani ni ya Awasi. Ilikuwa siku ya soko, na wenye baa wawili waliotazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara ya Kericho walikuwa wametukodi bendi zote mbili kwa mchana uleule, kila mmoja bila habari ya mwenzake. Wao walianza na ua wao ukajaa. Sisi tulianza na watu ishirini. Kufikia saa tisa alasiri watu wao walikuwa wanavuka barabara kwa makundi, na ua wetu wa mabati ukalala chini kwa kusukumwa. Mwimbaji wao mwenyewe alitoka nje, akasimama kando ya barabara na chupa ya soda mkononi, akatusikiliza wimbo mzima, kisha akarudi kwake.

Siku hiyo hakuna aliyeinasa. Nani angekuwa na kamera Awasi? Walioiona walikuwa wengi sana, na sasa wanapungua kila msimu. Nilipotoka kwa kinyozi nilipiga hesabu ya wale ninaowajua ambao bado wako hai, nikaishia vidole vya mkono mmoja. Santuri yao itabaki. Sisi tukishazikwa, hakutabaki hata kigae.

Ndipo, kama wiki tatu baadaye, akaja meneja wa hoteli moja ya ufukweni. Alikuwa mama wa makamo mwenye adabu, akakaa sebuleni kwetu akiwa ameshika mkoba wake magotini. Alitaka muziki wa zamani kila Jumapili mchana, kwa watu wanaokuja kula samaki na familia zao.

"Mzee, tutaanza na bendi mbili siku moja," alisema. "Ile watu wataipenda, hiyo ndiyo itakuwa yetu kila Jumapili."

Nikamwuliza nyingine ni ipi. Akaitaja. Nikamwambia tutakuja.

Mke wangu alikuwa anakanda unga wa chapati upande wa pili wa pazia, na meneja alipoondoka hakungoja nimweleze.

"Na wakiwapenda wale wengine?"

"Hawawezi. Jukwaani hawatuwezi."

"Baba, hiyo ilikuwa zamani. Wewe hata chupa ya mafuta siku hizi unaniletea nikufungulie."

Alisema kweli. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikuwa vimeanza kukakamaa, hasa asubuhi, na nilikuwa nikivichua kwa mafuta ya ng'ombe mlango ukiwa umefungwa ili majirani wasione. Lakini nilikuwa nimeshika jambo hili kama mtu anayezama anavyoshika gugu maji, na gugu maji unalijua, linakuja nawe chini.

Katika bendi tulikuwa tumebaki watatu. Mpiga ngoma alikuwa Nyalenda akifuga kuku, na sikio lake moja lilikuwa limekufa. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mpiga ridhimu alikuwa Ahero, mzee wa kanisa sasa, mtu wa suti na Biblia. Huyo nilimkuta akipalilia mboga.

"Omera, ndugu yangu," aliniambia, "mimi nilishamwambia Mungu basi."

"Mungu hawezi kukasirika kwa mchana mmoja."

"Si Mungu ninayemwogopa. Ni mama wa hapa nyumbani."

Nilitaka kucheka, lakini kilichotoka kilikuwa kitu kingine. Nilimshika mkono wenye udongo, nikamwambia, "Mimi nikifa bila kupiga tena, nitakufa mtu wa kusindikiza. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu." Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu. Akaingia ndani, nikasikia sauti ya mkewe ikipanda na kushuka, kisha akatoka na gitaa lililofungwa kwa gunia.

Kwa kuwa mpiga solo alikuwa kaburini, mzee wa kanisa akalazimika kupiga solo, na kwa kuwa mwimbaji wetu alikuwa amemtangulia kwa miaka mingi, nikalazimika kuimba mimi, ambaye maisha yangu yote nilikuwa sauti ya pili. Tulifanya mazoezi sebuleni kwangu alasiri nane mfululizo. Siku ya mwisho nilimwuliza mke wangu ameonaje.

"Mmepiga vizuri," alisema. Akafikiri kidogo. "Lakini mnapiga kama watu wanaofukuzwa."

Jumapili yenyewe jua lilikuwa kali na ziwa limetulia. Hoteli ilikuwa imejaa: familia zimetoka kanisani, watoto wana soda, samaki mbuta wazima wamelala kwenye sinia. Mwimbaji wao aliletwa kutoka Luanda Kotieno na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kofia, na alikuwa bado mtu wa kupendeza. Akanipa mkono.

"Habari yako, Bwana. Umetoka mbali?"

"Kaloleni hapa tu, Jaduong'," nikamjibu, kama tunavyomwita mzee wa kuheshimiwa.

Tukaongea kuhusu jua. Nikaenda kufunga waya za gitaa, na niliporudi akanipa mkono tena. "Habari yako, Bwana. Umetoka mbali?" Nilidhani ni maringo. Nilidhani anataka kunionyesha kwamba mtu kama mimi hakai kichwani mwake. Bendi yake yote ilikuwa ya vijana wa kukodi, wana spika nzuri na mashati yanayofanana, na huyo mzee mmoja tu ndiye aliyekuwa bendi.

Tulitangulia sisi.

Sijui niseme nini kuhusu nusu saa ile. Hatukukosea. Mpiga ngoma alishika mwendo, mzee wa kanisa alitafuta solo ya marehemu akaipata karibu yote. Sauti yangu ilifika pale ilipotakiwa kufika. Watu walikula. Walitutazama kama mtu anavyotazama televisheni iliyo juu ya ukuta wa hoteli, na mtoto mmoja alikuja akasimama mbele yangu akinyonya mrija hadi mama yake akamwita. Mlevi mmoja alicheza peke yake, na mhudumu aliyebeba trei alitikisa mabega mara mbili alipopita. Nikawaashiria wenzangu tupige ule wimbo ambao Awasi uliangusha ua. Tuliupiga dakika kumi na mbili. Tuliungoja uchemke. Nilikuwa natazama meza moja baada ya nyingine nikitafuta jicho hata moja, na kwenye dakika ya tisa mama mmoja aliyevaa vizuri akaja hadi jukwaani. Nikainama kumsikiliza, nikiwa bado napiga.

"Mzee, mnaweza kutupigia ule wa feri?"

"Huo ni wa bendi inayokuja," nikamwambia.

"Haya basi, malizeni tuwasikie."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatabasamu. Tulimaliza, makofi yakatoka kwenye meza mbili, na niliposhuka nikakaa juu ya sanduku la spika nyuma ya jukwaa. Mpiga ngoma alisema mitambo ndiyo mibaya. Mzee wa kanisa alikuwa anafunga gitaa lake kwenye gunia.

Kisha wao wakaanza. Walianza na wimbo wa feri moja kwa moja, na gitaa liliposema maneno yake manne ya kwanza tu, hoteli nzima ikapiga ukelele na simu zikainuliwa juu. Mzee akafungua kinywa. Ile sauti, jamani! Ilikuwa nzima. Kila kitu kingine kwake kilikuwa kimezeeka isipokuwa hiyo. Akamwuliza abiria wa kwanza kushuka kama amemwona mkewe, na watu wakaimba naye.

Ubeti wa pili ulipofika, akamwuliza tena abiria wa kwanza.

Watu waliimba kidogo wakachanganyikiwa. Vijana kwenye magitaa wakatazamana wakaendelea. Ubeti wa tatu, badala ya nahodha, akarudi kwa abiria yuleyule. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee, huyo umeshamwuliza!" na kicheko kikazuka kama moto wa nyasi. Mwimbaji alinyamaza. Magitaa yakazunguka palepale, yakazunguka tena. Alitazama maikrofoni, akaitazama mikono yake, akaigeuza kama mtu aliyepoteza ufunguo. Binti yake alikuwa amesimama kando amefunika mdomo kwa leso. "Weka flash!" mtu akapiga kelele. "DJ, weka flash!" Na kijana wa mitambo akaanza kutafuta wimbo uliorekodiwa kwenye flash iliyochomekwa katika kompyuta yake.

Sitaficha nilichohisi. Nilifurahi. Nilisimama juu ya lile sanduku ili nione vizuri. Nilisema moyoni: leo ni Awasi, na leo kuna simu. Nilifurahi kwa muda wa mzunguko mmoja wa magitaa.

Halafu nikamwona kijana wa mitambo akiweka kidole tayari, nikaelewa kwamba wimbo ukiwekwa kutoka kwenye flash, watu watainuka wacheze, na mzee yule atasimama mbele yao akishindwa na sauti yake mwenyewe. Hata sisi tulishindwa na wimbo huohuo wa kwenye flash muda mfupi uliopita, yule mama alipouomba katikati ya wetu. Sijui kama niliwaza haya yote wakati ule au nimeyawaza baadaye. Ninachojua ni kwamba nilijikuta jukwaani.

Nilisimama nyuma ya bega lake la kulia, nikamwambia sikioni, kwa Kijaluo, kama ulivyo wimbo: "Wewe mama wa samaki."

Akashtuka. Kisha akaimba, "Wewe mama wa samaki."

"Wewe uliyeamka kabla yangu."

"Wewe uliyeamka kabla yangu."

Nilikuwa najua kila neno. Miaka yote niliuchukia wimbo ule, na kwa kuuchukia nilikuwa nimeusikiliza kuliko wapenzi wake. Nilijua anapovuta pumzi na anapochelewesha neno. Nilimpa mstari mmoja mmoja kabla ya kuhitajika, naye akauchukua kutoka mdomoni mwangu na kuugeuza kitu kingine. Tulimpita mama wa samaki, tukampita nahodha, na tulipofika kwa mama mkwe watu walikuwa wanasukuma meza pembeni. Niliingia na sauti ya pili bila kujijua. Vijana wakaona uhai wakaongeza mwendo, na yule mzee aliyesimama jukwaani kama mtu wa foleni ya posta maisha yake yote akaanza kuyumba taratibu, mkono wake umenishika shati. Hatukumaliza dakika ya tatu. Tulikwenda kumi, tukaenda kumi na tano. Wahudumu walicheza. Mama aliyeniomba ule wimbo alikuwa analia huku anacheza. Tangu Awasi sijawahi kusimama mbele ya watu walioinuka namna ile, na walikuwa wanainukia wimbo wa watu wengine.

Tuliposhuka, binti yake alinishika mikono yote miwili.

"Amekuwa hivi mwaka wa pili sasa," alisema. "Nyumbani anaimba bila shida. Nilidhani mbele ya watu maneno yatarudi." Kisha akaniambia, "Mzee, unaweza kuwa unasimama pale nyuma yake? Kila Jumapili?"

Meneja alikuwa ameshafika naye akisubiri jibu langu, anatabasamu. Nilitazama upande wa wenzangu. Mzee wa kanisa alikuwa ameshaondoka. Mpiga ngoma alikuwa anafungua ngoma zake, akaziweka chini, akanijia karibu kwa sababu ya sikio lake.

"Awasi watu walivuka barabara kuja kwetu," alisema. "Leo wewe umevuka kwenda kwao."

"Ulitaka nifanye nini?"

"Ungekaa. Ningekuwa mimi ningekaa."

Nilikubali kusimama pale. Kila mtu anaweza kunihukumu. Nilikuwa nataka jukwaa, na hilo ndilo lililokuwepo. Jumapili saba nilisimama nyuma ya bega lile bila gitaa. Video ya siku ya kwanza ilisambaa kwenye simu za watu, hadi kwa kinyozi wangu, aliyenionyesha kwa furaha. Mimi naonekana kiwiko na nusu ya uso. Chini yake mtu ameuliza yule mzee wa nyuma ni nani, na mwingine amemjibu kwamba ni mlinzi wake.

Kabla ya kupanda, mwimbaji alipenda kuongea. Kila Jumapili aliniuliza, "Wewe zamani ulipiga na nani?" Nikimtajia bendi yetu, alitikisa kichwa kwa heshima na kusema, "Hao sikuwahi kuwasikia." Nilizoea. Lakini Jumapili ya tano alikuwa mchangamfu sana, akanisogelea akaniambia nimsikilize kisa.

"Siku moja tulipiga Awasi," alisema. "Siku ya soko. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bendi nyingine. Omera, watu wao waliwaacha peke yao. Walivuka wote kuja kwetu hadi ua ukaanguka. Mimi nilitoka nje na soda yangu kuwatazama wale jamaa, nikawaonea huruma."

Alisema na soda, na ua, na barabara. Alisema kila kitu kama kilivyokuwa, ila alikigeuza. Nilitaka kumshika kola. Nikamwambia, "Jaduong', ilikuwa kinyume." Akanitazama kwa upole. "Wewe ulikuwepo?" akaniuliza.

Siku ile nilimpa mistari vibaya, nikaruka nahodha mzima, na hakuna aliyegundua.

Tangu hapo hofu ikaniingia ambayo sijui kuieleza kwa mke wangu. Mtu huyu akili yake imepotea, najua. Lakini jambo hilo alilisema bila kusita, na wanaolisema kwa namna nyingine ni sisi wenyewe tu. Nilikwenda Ahero kumwuliza mzee wa kanisa. Alikuna kidevu.

"Nakumbuka watu wengi sana," alisema. "Na ua nakumbuka. Walikuwa wanatoka upande gani, hilo sasa... mimi siku zote nilikuwa natazama vidole vyangu."

Nikaenda Nyalenda. Mpiga ngoma angekumbuka, maana mpiga ngoma hukaa juu na hutazama watu, na ndiye aliyelitaja siku ile ya hoteli. Mkewe alitoka akaniambia hayupo. Viatu vya mumewe vilikuwa mlangoni. Nilisimama karibu na banda la kuku nikaita kwa sauti kubwa, kwa sababu ya sikio lile, nikamwambia sitaki kuingia, nataka anijibu swali moja tu kuhusu Awasi. Kuku walipiga kelele. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta. Niliita mara tatu, mzee mzima, kisha mkewe akaniambia kwa upole, "Baba, nenda nyumbani."

Jumapili ya nane mwimbaji alipoteza hata namna ya kuanza kuimba. Nilimpa mstari, akausema kama mtu anayesoma barua, akauliza kwa nini watu wote hawa wanamtazama. Binti yake alipanda akamshusha. Kijana wa mitambo akaweka flash na watu wakaendelea kucheza. Wiki iliyofuata meneja alinipigia simu, akanishukuru sana, akasema wameamua kubaki na DJ.

Mwezi uliopita nilikwenda Luanda Kotieno kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, karibu na nyavu zilizoanikwa omena. Binti yake alikuwa kazini, shangazi mmoja akaniletea chai. Hakunijua. Tulikaa pamoja muda mrefu, tukitazama wanawake wakigeuza samaki. Nilikuwa nimejiambia sitajaribu kitu chochote, lakini nilisogeza kiti nyuma ya bega lake la kulia, nikainama, nikamwambia polepole mstari wa abiria wa kwanza.

Akageuka akanikunjia uso.

"Sema kwa sauti," alisema. "Mimi si mtu wa kunong'onezwa."

Nilisema kwa sauti. Akanisikiliza hadi mwisho, kama mtu anayesikiliza habari za mgeni, akasema pole sana, na kwamba huenda huyo mke atarudi. Kisha mvua ikatishia, wanawake wakaanza kukimbia kukusanya omena, naye akainuka kwenda kuwasaidia, nami nikainuka, tukashika ncha mbili za wavu mmoja na kuukunja. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Vidole vyangu viliachia mara mbili.

Nilifika Kaloleni jua likiwa limeshaanza kushuka. Mke wangu aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia nimekunywa chai. Akaniuliza huyo mzee hali yake ikoje, nikamwambia yuko sawa, anakula vizuri, hana shida. Nilikaa kitandani nikivichua vidole na yale mafuta. Nikajaribu kukumbuka sura ya mtu hata mmoja aliyevuka barabara ile ya Awasi, sura yake tu na upande aliokuwa ametazama.